Kabla hujaingia porini Tabora kuwinda swala, haya yaweke sawa kwanza

Wadau, msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai na watu wameshaanza kuulizana habari za bunduki wakati leseni hawana. Anza na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), karatasi zote ziwe mkononi, alafu mpaka wa kitalu chenu, yaani eneo mlilopewa kuwinda, uujue vizuri, manake lile Pori la Akiba Ugalla tulilolizoea lilipandishwa 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa haiwindwi.

Muda nao uangalie. Julai majani bado marefu huoni kitu, mi ningesema Septemba na Oktoba ndo penyewe, nyasi zimeshaungua, maji yamebaki sehemu chache na wanyama wanasogea huko. Ikifika Novemba mvua zikianza zile mbuga za udongo mweusi gari linazama mpaka chesisi.

Sasa jambo kubwa kuliko yote, jifunze kutofautisha dume na jike kabla hujaondoka nyumbani, maana unayemtafuta ni dume. Tandala na kuro ni rahisi, mwenye pembe ni dume, lakini miombo ya huku ina palahala, korongo, kongoni na pofu, na hao wote majike wana pembe! Palahala dume aliyekomaa ni mweusi tii, pembe nene zimepinda kwenda nyuma kama jambia, jike ni wa kahawia na pembe zake nyembamba, ila dume kijana naye ni kahawia kwahiyo usikimbilie rangi tu. Korongo ndo mgumu zaidi, rangi moja wote, hapo tazama unene wa pembe na shingo, na kama huna uhakika mwache aende, tafadhali sana. Muombe askari wanyamapori mnayeenda naye awe anakuonyesha kwa darubini kabla hujashika bunduki. Bunduki yenyewe ijaribuni kwenye shabaha mkifika kambini, barabara inatikisa darubini yake. Usiku hakuna kuwinda, wala kupiga ukiwa ndani ya gari, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza.

Chumvi ya nyama na visu vya kutosha, hilo mnajua.

Nguo usivae nyeusi wala bluu, ndorobo (mbung'o) wanazifuata hizo rangi, vaa kaki mikono mirefu. Na ukirudi ukapata homa hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari ulikuwa porini kwenye ndorobo akupime na malale, ugonjwa wanaoambukiza hao ndorobo, asiishie kwenye malaria.