Mtoto anayeumwa kichwa mara kwa mara: namna ya kumsaidia mwenye kipandauso

Somo la leo katika kikundi chetu ni kwa wazazi na walezi ambao mtoto wao huumwa kichwa, akatapika, akalala, kisha jioni akaamka na kwenda kucheza rede kama kawaida. Hapo ndipo maneno huanza. Shangazi anasema anakwepa kuchota maji, mwalimu anasema anakwepa hesabu, jirani anashauri apelekwe akachanjwe chale. Mimi ni muuguzi hapa Tabora mjini, na jambo la kwanza ninalowaomba ni hili: mwaminini mtoto. Kuumwa vibaya saa nne asubuhi na kucheza saa kumi jioni si dalili ya uongo. Ndivyo kipandauso kilivyo. Huja, hubana, huondoka, na katikati ya shambulio na shambulio mtoto ni mzima kabisa.

Ni ugonjwa wa ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Muulize mama, baba, bibi, utakuta mmoja wao alikuwa analala gizani na kanga kichwani. Kati ya watoto kumi wa umri wa shule, anayeugua hukaribia mmoja. Ubongo wa mtoto huyu hushtuka upesi kwa mambo ambayo wenzake hawayahisi: njaa, kiu, usingizi mchache, jua kali, harufu nzito, hofu. Ukishtuka, mishipa ya fahamu inayohudumia uso na utando wa ubongo huanza kutuma maumivu.

HATUA YA KWANZA: Jua unachopambana nacho

Watu wazima mara nyingi huumwa upande mmoja, na wengi wanaamini bila hivyo si kipandauso. Kwa watoto sivyo. Mtoto mara nyingi hushika paji la uso lote, au pande zote mbili. Maumivu hudunda, huzidi akitembea au akipanda ngazi, na huweza kudumu kuanzia saa mbili hadi siku tatu. Hupauka, husikia kichefuchefu, hutapika, hachukuliani na mwanga wala kelele. Mdogo asiyeweza kueleza, mtazame anavyofanya: anajificha chumba chenye giza, anasukuma sahani, anataka kulala mchana wakati si kawaida yake. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari inayometameta. Wapo pia ambao kwao huumwa zaidi tumbo, karibu na kitovu, kichwa kikaja baada ya miaka.

Kumwona mara moja hakutoshi kusema ni kipandauso. Wataalamu hutaka mashambulio yasiyopungua matano yanayofanana.

Sasa niseme kuhusu malaria, maana kwetu Tabora ndiyo inayotupotosha zaidi. Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo kila kichwa kinaitwa malaria. Mtoto anaumwa, mzazi anakwenda duka la dawa muhimu, ananunua dawa mseto bila kipimo, mtoto analala, kesho yake ni mzima. Kila mtu anasema dawa imefanya kazi. Kumbe kipandauso kimeisha chenyewe, kama ambavyo kingeisha bila dawa ile. Mwezi ujao wanarudia. Ukiona mtoto amemaliza dozi nyingi za malaria mwaka mmoja, na kichwa kinakuja bila homa, omba apimwe kila mara kabla ya kupewa dozi nyingine. Na kinyume chake ni muhimu vilevile: mtoto mwenye kipandauso bado anaweza kupata malaria. Akiwa na homa, mpime siku hiyohiyo, usiseme ni kile kichwa chake.

Chunguza pia nyumbani. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoumiza kichwa na inayoweza kuua. Kama mtoto na wengine ndani ya nyumba huumwa kichwa pamoja, hasa asubuhi, toeni jiko nje leo.

Dalili ambazo hazisubiri daftari la hatua ya pili wala ushauri wa kikundi, nenda hospitali mara moja: homa na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa au usingizi usioamshika, kichwa kilichoanza baada ya kuanguka au kugongwa, maumivu makali ya ghafla ambayo hayajawahi kutokea, mkono au mguu kuishiwa nguvu, mdomo kwenda upande, kuyumba, kuona viwili. Kichwa kinachomwamsha alfajiri akatapika, kikizidi wiki hadi wiki, kinahitaji daktari haraka. Mtoto aliye chini ya miaka mitano au sita apimwe na daktari hata kama dalili ni nyepesi. Na mwenye selimundu akilalamika kichwa kikali pamoja na udhaifu wa upande mmoja, hicho ni kiharusi hadi daktari aseme vingine. Kimbieni.

HATUA YA PILI: Daftari

Chukua daftari la shule la kawaida. Kila shambulio andika tarehe, saa lilipoanza, alikula nini na saa ngapi, alilala saa ngapi usiku uliotangulia, alikuwa wapi, ulimpa dawa gani na kiasi gani, na saa lilipoisha. Kwa binti aliyevunja ungo andika pia siku za hedhi. Usiandike maoni, andika kilichotokea.

Nina imani kubwa na daftari hili kuliko kidonge chochote. Nilimhudumia mtoto ambaye familia nzima ilisema anachukia shule, kwa kuwa kichwa kilimpata siku za masomo tu. Daftari lilipojaa kwa wiki kadhaa, tuliona Jumamosi na Jumapili alikuwa anakula asubuhi, siku za shule alitoka saa kumi na mbili bila kitu tumboni, akafagia uwanja, akakaa hadi mchana. Bibi yake akaanza kumwamsha mapema na kumpa uji. Mashambulio hayakuisha, lakini yalipungua sana, na maneno ya uvivu yakaisha nyumbani.

HATUA YA TATU: Kinapoanza

Mapema. Hilo ndilo neno la kushika. Dawa ya maumivu ikitolewa ndani ya nusu saa ya kwanza hufanya kazi vizuri. Ikisubiri hadi mtoto ameanza kutapika, tumbo limeshalala na dawa haipiti. Usimwambie "vumilia kwanza".

Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na isirudiwe kabla saa nne hazijapita, wala kuzidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 akipewa mililita 10 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, anapata miligramu 240, kiasi kinachofaa. Soma chupa yako, maana nguvu zinatofautiana. Ibuprofeni huwasaidia watoto wengi vizuri zaidi, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, pamoja na chakula, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Lakini usiitoe kwa mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, wala aliyekauka maji kwa kuhara na kutapika.

Aspirini hapana kwa aliye chini ya miaka 16. Inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo. Vidonge vingi vya kichwa vya dukani vimechanganywa na aspirini na kafeini, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kuvunja kidonge nusu na kumpa mtoto.

Baada ya dawa: chumba chenye giza, kitambaa cha maji ya baridi kwenye paji, maji kidogo kidogo, na usingizi. Wanyamazisheni wengine, redio izimwe. Usingizi ndio unaomaliza mashambulio mengi ya watoto. Akitapika dawa mara tu alipoimeza, mpelekeni zahanati, zipo dawa za kuzuia kutapika.

Na kuna mpaka. Dawa za maumivu zisizidi siku mbili kwa wiki. Anayezitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, dawa zenyewe huanza kuzaa maumivu ya kichwa. Ukikaribia huko, tafuta daktari, usibadilishe tu aina ya kidonge.

HATUA YA NNE: Siku ambazo haumwi

Hapa hakuna siri. Ale kabla ya kutoka, hata kama ni michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya jana na chai. Abebe chupa ya maji. Alale na kuamka saa zilezile, Jumapili pia. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na simu ya mzazi chini ya shuka inazila. Septemba na Oktoba, jua la hapa linapochoma kabla ya mvua, avae kofia, na kazi ya ndoo kichwani ifanywe asubuhi. Msimkataze vyakula kumi kwa kusikia tu. Ukishuku chakula kimoja, daftari litakuonyesha.

HATUA YA TANO: Shuleni

Nenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, na cheti cha kliniki ukiwa nacho. Omba mambo matatu: anywe maji darasani, asisimamishwe juani paredi ikirefuka, na akisema kimeanza, apewe dawa na mahali pa kulala, si kungoja kengele.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama kutoka Urambo: Mwanangu huumwa kichwa na kutapika msimu wa kuchuma tumbaku tu. Ni kipandauso?

Dada, huenda ni sumu ya nikotini. Majani mabichi, hasa yenye umande au mvua, huipitisha kwenye ngozi: kichwa, kizunguzungu, kutapika, udhaifu. Mtoto asichume tumbaku kabisa. Akigusa, aoshwe kwa sabuni na abadilishwe nguo. Ukiona kichwa kimekwisha akikaa mbali na shamba, umepata jibu.

Bibi kutoka Sikonge: Sisi tulichanjwa chale na tukapona. Kwa nini mnakataza?

Shikamoo bibi. Nakubali mlipata nafuu, kwa kuwa shambulio huisha lenyewe. Ninachohofia ni wembe: unaotumika kwa watoto wengi huweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kidonda huweza kupata pepopunda. Mikono yako inayomkanda na kitambaa cha baridi vinamsaidia sana. Wembe tu ndio tuuache.

Baba kutoka Nzega: Je, nimpeleke kupigwa picha ya ubongo?

Kaka, kama daktari amempima nguvu, macho, mwendo na shinikizo la damu na yote ni sawa, na maumivu ni ya mtindo uleule, picha mara nyingi haiongezi kitu. Dalili za hatari nilizotaja zikiwepo, hapo msicheleweshe. Mwombeni daktari wenu wa wilaya au wa hospitali ya Kitete hapa Tabora awaelekeze.

Mama kijana, Ipuli: Shikamoo mama. Hakuna kidonge cha kila siku cha kukizuia?

Marahaba mwanangu. Vipo, na daktari huweza kuvianzisha mashambulio yakiwa mengi. Lakini jua hili: mwaka 2017 Wamarekani walichapisha utafiti wa watoto na vijana 361 wa miaka 8 hadi 17, wakilinganisha amitriptilini, topiramati na vidonge visivyo na dawa. Nusu au zaidi ya kila kundi walipata nafuu kubwa, na dawa hazikuvishinda vidonge vitupu, ila zilileta madhara zaidi. Propranololi nayo haimfai mwenye pumu. Ndiyo maana nasisitiza chakula, maji na usingizi kwanza, kwa miezi miwili au mitatu ya daftari, kabla ya kuomba kidonge cha kila siku.

Mwalimu kutoka Igunga: Nitajuaje anayeumwa kweli na anayesingizia?

Mwalimu, mtazame usoni. Anayeanza kipandauso hupauka, hunyamaza, hukinga macho, huacha hata mchezo anaoupenda na chakula anachokipenda. Ukiwa na shaka, mpe dawa aliyoletewa na mzazi na umlaze. Akikaa chini ya mwembe nusu saa bila sababu, shule haijapoteza kitu kikubwa. Akinyimwa dawa nusu saa ile, amepoteza siku nzima. Kisha andika saa kwenye karatasi umpe apeleke nyumbani, mzazi aingize kwenye daftari.