RAM ya mtumba: ipime kabla hujaiamini

RAM, yaani kijiti cha kumbukumbu ya muda cha kompyuta, ikiwa imekufa kabisa haina hasara kubwa. Kompyuta inalia milio au inagoma kuwaka, unairudisha dukani. Ya kuogopa ni ile inayowaka vizuri huku ikiwa na sehemu ndogo mbovu. Faili linapita humo likiwa zima, ukilihifadhi linaingia kwenye diski likiwa limeharibika. Hesabu za duka au matokeo ya wanafunzi huharibika hivyo kimyakimya. Basi nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwanza, ndipo ufungue kasha.

Dukani, soma lebo. Kwa kompyuta ya mezani, RAM ya kizazi cha DDR3 ina pini 240, ya DDR4 ina 288, na pengo la kila moja limekaa mahali pake. Ukilazimisha unavunja sloti, yaani mahali RAM inapochomekwa. Kinacholiza wengi ni herufi inayofuata namba. PC3-12800U ni ya kompyuta ya mezani. PC3-12800R ni ya seva: umbo lilelile, inaingia bila shida, lakini mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya kawaida haiwaki nayo. Ukiona GB 16 za DDR3 kwa bei ya kutupa, itafute hiyo R. Na kama mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, patana siku za kuijaribu kabla hujatuma pesa.

Kuanzia Juni hadi Agosti, Iringa na Mafinga hewa ni baridi na kavu, na kila mtu yuko ndani ya sweta. Ule mtatariko unaousikia ukilivua ni umeme tuli, na hata kiasi usichokihisi kinaweza kuua chipu. Vua sweta mapema. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, gusa chuma kitupu cha kasha, kisha shika RAM kwenye kingo tu. Sloti itoe vumbi kwa brashi kavu. Pini zilizofifia zifute taratibu kwa kifutio safi cha penseli. Sukuma pande zote mbili hadi klipu zibane.

Toa RAM ya zamani, ubakize hiyo uliyonunua peke yake. Washa kompyuta kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, na uiache usiku kucha. Likitokea kosa hata moja, rudisha. Maneno ya "hilo dogo tu" yasikubabaishe. Ikipita, irudishe ya zamani upime zote mbili pamoja, kwa sababu zipo zinazofaulu moja moja na kugombana zikikutana. Zikigombana, punguza kasi ya RAM kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, hufunguliwa inapowaka), upime tena. Kasi zikitofautiana, zote hufuata ya chini. Hilo halina madhara.

Windows ikikataa kutumia zaidi ya GB 4, usimlaumu muuzaji kwanza: angalia kama uliweka ile ya biti 32.