Jinsi ya kuendesha kikundi cha kupinga vita mtaani kwako

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ploti yetu hapa Kayole, Nairobi, haikulala. Majirani Wakongomani walipiga simu usiku kucha, na nyingi hazikupokelewa. Asubuhi mama anayeuza vitenge hapo chini alifungua duka kama kawaida, akakaa juu ya stuli bila kuuza kitu. Tulianzia hapo, kwenye ngazi, tukiulizana sisi tulio huku tufanye nini. Haya hapa tuliyojifunza, makosa yakiwemo.

Hatua ya 1: Kusanya watu sita

Usitangaze mkutano wa hadhara. Gonga milango. Tafuta mmoja anayejulikana kanisani, mmoja wa msikitini, mtu wa boda, mwalimu, na mkimbizi mmoja au wawili ambao vita hivyo vimewagusa wenyewe. Kikao cha kwanza kifanyike sebuleni na kisizidi saa moja unusu. Kila anayetoka awe na kazi mkononi na siku ya kuimaliza, maana asiyepewa kazi harudi.

Anayeshika daftari asiwe ndiye anayeshika pesa. Sisi tunachanga shilingi hamsini kila kikao, basi. Mheshimiwa mmoja alituahidi fulana, ila mgongoni kungekuwa na sura yake. Tulikunywa chai yake, fulana tukamwachia.

Hatua ya 2: Dai liwe na mtu wa kulijibu

"Tunataka amani" halina wa kulijibu. Ulizeni kwanza: serikali yetu imeshika wapi katika vita vya Kongo, na vya Sudan vile vile? Kwa Sudan hatukutafuta mbali. Februari 2025 wapiganaji wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walitia saini hapa hapa Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao, huku vita vyao na jeshi la nchi, vilivyozuka tarehe 15 Aprili 2023, vikiendelea. Kwa Kongo, wanajeshi wa Kenya walikuwa Goma tangu Novemba 2022 hadi Desemba 2023, ndani ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo Mkenya ana haki ya kuuliza, na ana wa kumuuliza. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Chagueni dai moja kwa mwaka. Letu: Bunge litake kuelezwa wazi ni kwa masharti gani ya kulinda raia makundi yenye silaha yanakaribishwa Nairobi.

Hatua ya 3: Mabango

Hapa ndipo tulipokaribia kuvunjika. Tulikuwa tumetandaza maboksi ya friji sakafuni, kila mtu na brashi yake. Kijana mmoja akaandika sentensi iliyolaumu kabila zima. Kando yake alikuwa amechuchumaa jirani Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, akipaka herufi zake taratibu. Aliisoma ile sentensi, akaweka brashi chini, akasema, "Hata miye, ile vita njo nilikimbia." Hakuna aliyeongeza neno. Kijana alikata boksi lake vipande vipande, na jirani alirudi kikao kilichofuata baada ya kufuatwa nyumbani mara mbili.

Tangu siku hiyo kanuni yetu ni hii: bango litaje kitendo, silaha au ofisi. Lisitaje kabila, dini, wala watu wa nchi fulani. Na kila bango lisomwe na watu wawili kabla halijatoka nje, hata kama mwandishi ni mwenyekiti.

Mengine ni ya ufundi. Maneno yasizidi matano, herufi moja iwe na upana wa kiganja. Lipeleke bango ng'ambo ya barabara. Kama aliye ndani ya matatu inayotembea hawezi kulisoma, andika upya. "RAIA SI SHABAHA" linasomeka. Tumia rangi ya mafuta, uipake jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mara ya kwanza tulitumia kalamu za wino, mvua ikanyesha, tukabaki tumeshika maboksi yenye machozi meusi. Usifunge mabango kwenye fimbo. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha, na mbele ya polisi fimbo ni rungu hata ikiwa imebeba neno amani. Toboa matundu mawili, pitisha kamba, lining'inie shingoni. Mikono inabaki wazi.

Hatua ya 4: Barua kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi)

Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga kodi, neno "maandamano" likitajwa kituoni watu hukaa mkao mwingine. Usiogope, ila fuata utaratibu. Sheria inataka notisi ifike kituoni siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya tukio, ikiwa na jina kamili na anwani ya mwandaaji, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita. Hiyo ni notisi, kwa hiyo usiandike "tunaomba ruhusa". Andika "tunakujulisha".

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo. Kituo kimoja kilikataa kutugongea. Kesho yake tulirudi na mwalimu mstaafu wa mtaa, mama wa miaka sabini hivi, akakaa kwenye benchi na kufuma sweta. Saa nne muhuri ulipatikana.

Saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Ndiyo maana mishumaa yetu tunaiwasha ndani ya ua wa kanisa. Anayetia saini awe na kitambulisho cha Kenya. Msimtwike mkimbizi mzigo huo.

Hatua ya 5: Kusimama

Sisi husimama Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kona ile ile, saa kumi hadi kumi unusu, kimya. Wengine walitutangulia: kina mama wa Yerusalemu walianza mwaka 1988 kusimama kila Ijumaa wakiwa wamevaa nyeusi. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni waliandamana duniani kupinga vita vya Iraq, na mwezi uliofuata mabomu yakaanguka vile vile. Sisemi waliandamana bure. Ila ukitegemea siku moja kubwa, ukitoka hapo unarudi nyumbani na huna la kufanya Jumatatu.

Gaweni kazi: mmoja wa kuongea na polisi, mmoja wa wapita njia, wawili wa kuangalia magari. Makanga atapaza sauti, "Kongo ni mbali, unga hapa ni pesa ngapi?" Msibishane naye. Mwambieni ni kweli unga umepanda, mkampa karatasi. Picha zipigwe kutoka mgongoni. Sura ya mkimbizi ikizunguka kwenye simu, inaweza kumfikia mtu aliyekimbiwa.

Hatua ya 6: Chai na daftari

Kabla ya kutawanyika, andikeni waliokuja wangapi, waliosimama kuuliza wangapi, na nini kiliharibika. Karatasi za saini za ombi la Bunge zikae kwa mtu mmoja kwenye kabati lenye kufuli. Zisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu zina majina na namba za vitambulisho vya watu.

Mabango yakunjieni kwenye nailoni. Yetu hulala nyuma ya marobota ya vitenge. Kisha hesabuni kwenye kalenda siku ya kupeleka barua ijayo kituoni, na muandike jina la atakayeipeleka.