Jinsi ya kukadiria kwa hisabati vifo vya vijana vitokanavyo na pombe na mihadarati Kisumu

Gawa vijana wa miaka 13 hadi 19 wa kaunti mafungu matatu: wasiotumia (W), watumiaji (T) na walio kwenye matibabu (M). Jumla yao ni N. Umri huu unachukua miaka 7, kwa hiyo kila mwaka 1/7 yao, yaani 0.143, hutoka kwa kutimiza 20. Kiwango hicho kiite u. Mabadiliko ya mwaka ni haya:

W: wanaotimiza 13 − bWT/N − uW
T: bWT/N + rM − (m + k + u)T
M: mT − (r + u)M

b ni ushawishi wa rika, m kuingia matibabuni, r kurudia matumizi, k kufa; vyote ni viwango vya mwaka. Vifo vya mwaka ni kT. Kwenye Eksel tumia mstari mmoja kwa kila mwezi na ugawe kila kiwango kwa 12. Ukisahau, vifo vya miaka kumi vitatokea kwa miezi kumi.

Jaribu b = 0.4, m = 0.1, r = 0.5, k = 0.005 (za mazoezi tu, si takwimu za Kisumu). Kipimo cha kuenea ni b/(u + k + mu/(r + u)), hapa 2.35, kikizidi 1, matumizi yanasambaa. Ondoa kurudia kabisa, kinashuka hadi 1.61. Ongeza k maradufu, hakitikisiki sana: 2.28. Lakini idadi ya vifo inaning'inia kwenye k, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ili kuikadiria k, anza kwa kuhesabu vifo. Vifo vya hospitalini huandikwa kwenye fomu D1, vya nyumbani kwenye D2 kwa naibu wa chifu. Tafuta misimbo ya sababu za vifo ya ICD-10: F10 hadi F19 (matatizo ya pombe na mihadarati), X45 na T51 (sumu ya pombe). Vifo vingi havitakuwemo: familia husitiri, cheti husema "moyo kusimama", mlevi aliyeanguka na boda boda huhesabiwa ajali. Gawa idadi uliyopata kwa 0.3, 0.5 na 0.8, yaani ukikisia kuwa sehemu hiyo tu ya vifo ndiyo iliyoandikwa, kisha utoe matokeo yote matatu. Anayetoa namba moja tu hapa anabahatisha.

Vifo vya chang'aa (pombe kali ya kienyeji) yenye methanoli, aina ya kileo chenye sumu, usiviweke ndani ya k. Mtungi mmoja waweza kuua wengi kwa siku mbili, halafu miezi ipite kimya. Ukivisambaza mwaka mzima, modeli itaonyesha vifo vya kila mwezi ambavyo havipo. Idadi ya matukio kwa mwaka ichaguliwe kwa nasibu kutoka mgawanyo wa Poisson (kanuni ya uwezekano wa matukio adimu), kisha kila tukio lipewe idadi yake ya waliokufa. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, kwa hiyo rekodi mahali alikonywea, si wodi alikofia.

Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, jaribu b ya juu zaidi. Data ya miaka 2 ya mwisho iweke kando, uipimie modeli ikishakamilika.