Jinsi ya kuhamia taa za LED dukani bila kuharibu rangi za bidhaa zako

Mi nina duka la vitenge, batiki na picha za kuchora hapa Arusha mjini, sio mbali na Mnara wa Saa, na kosa langu la kwanza kwenye LED ni kudhani kazi yote ni kuchomoa ya zamani na kuchomeka mpya. Nilinunua zile nyeupe pee za bei ya kutupa, ishirini nzima, duka likawaka kama chumba cha upasuaji, nikafurahi kweli maana LUKU ilianza kukaa. Afu wiki hiyohiyo nikaona kitu, kila mteja akipenda kitambaa anatoka nacho mpaka mlangoni, anakigeuzageuza juani, anarudi nacho, anakikunja taratibu anakiacha mezani. Mama mmoja mtu mzima ndo alinifungua macho, alikuwa ameshika kitenge cha damu ya mzee, akaniambia, "Mwanangu, humu ndani hiki ni kahawia, nje ni chekundu, sasa mi nanunua kipi?" Akaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo naandika yale ambayo ningetamani mtu aniambie kabla sijatoa hela. Yanafaa duka, mgahawa, kanisa, ukumbi wa harusi, hata kile kijumba cha vitu vya kale ambacho ukoo umekifungua ili wageni wakija walipie kiingilio.

Anza na karatasi na kalamu, sio dukani kwa muuza taa. Zunguka usiku ukiwa umewasha kila kitu, andika kila taa ina wati ngapi na inawaka masaa mangapi kwa siku. Taa ya chooni ya dakika kumi kwa siku achana nayo, itakufa yenyewe kwa wakati wake. Zinazokula hela ni zile zinazowaka toka unafungua mpaka unafunga, na hizo ndo za kubadili kwanza hata kama mfuko unaruhusu nne tu mwezi huu.

Mfano wangu mwenyewe, nilikuwa na spotilaiti ishirini za haloji, kila moja wati 50. Hiyo ni wati 1,000, yaani yuniti moja kila saa inayopita. Masaa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, unapata yuniti 260. Kwa tarifa ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, nilipopiga hesabu yuniti ilikuwa shilingi 292, ukijumlisha VAT na makato ya REA na EWURA ilikuja kama 356, jumla ni shilingi 92,560 kwa taa peke yake, hapo hujawasha feni wala pasi. LED ya wati 7 inatoa mwanga wa kukaribiana na ile haloji ya 50, sasa ishirini ni wati 140, mwezi mzima yuniti 36 na kidogo, hazifiki elfu kumi na tatu na mia. Karibu elfu themanini inabaki kila mwezi. Tuseme umenunua nzuri ya elfu nane kwa moja, jumla laki na sitini, miezi miwili imerudi. Ndo maana sielewi mtu anayebishana na muuzaji kwa sababu ya tofauti ya elfu mbili afu anabeba taa mbovu.

Na kuna faida ambayo haionekani kwenye LUKU moja kwa moja. Haloji na zile globu za nyuzi umeme mwingi zinaugeuza joto, mwanga ni kidogo tu. Arusha mwezi wa saba hilo joto unaweza hata kulipenda, ila nenda Moshi mwezi wa pili mchana, kaa kwenye mgahawa wenye haloji kumi kichwani uone kama utamaliza kahawa. Ukitoa lile joto hata feni unaipunguza.

Sasa kuchagua, hapa ndo niliumia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wati inakwambia taa inakula kiasi gani, haikwambii inatoa mwanga kiasi gani. Mwanga unapimwa kwa lumeni, globu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, LED nzuri inatoa hizo kwa wati 8 au 9. Boksi lisiloandika lumeni kabisa mi siku hizi narudisha kwenye shelfu bila maneno.

Afu kuna namba ya rangi ya mwanga, inaandikwa na herufi K. 2700 mpaka 3000 ni mwanga wa njano kama wa jioni, unakaa vizuri mgahawani, hotelini na kwenye sanaa. 4000 ni mweupe wa katikati, dukani na ofisini poa tu. 6500 ndo ule mweupe wa bluubluu ambao Bongo tumeupenda sijui kwa nini, tunadhani mweupe zaidi ndo mwanga zaidi. Sio kweli, na usiku unafanya sura za watu zionekane kama wana homa.

Namba ya tatu ndo iliyoniua mimi, inaitwa CRI, boksi zingine zinaandika Ra. Inaeleza taa inaonyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani, mwisho wake ni 100. Za kawaida ni 80, za hovyo hazitaji kabisa, na kwa duka la nguo, picha, vipodozi au saluni tafuta 90 kwenda juu. LED dhaifu inaua nyekundu kwanza, ndo maana damu ya mzee yangu ikawa kahawia. Kama boksi haliandiki fanya hivi, nenda dukani na kipande cha kitambaa chekundu mfukoni, mwambie muuzaji awashe, tandika kitambaa kwenye kiganja uangalie, afu toka nje ukiangalie juani. Kiganja chenyewe pia ni kipimo, kikionekana cha kijivu kama cha maiti, achana nayo. Watu watakuangalia vibaya, waache.

Bucha zingine mnazijua, wanaweka taa nyekundu nyama ya juzi ionekane ya leo asubuhi. Ni elimu ileile, imetumika vibaya tu.

Na kwa wale wa tanzanite, hili nyie mnalijua kuliko mimi ila wageni wenu hawalijui. Lile jiwe chini ya mwanga mweupe wa baridi linavuta bluu, chini ya mwanga wa njano linaonyesha zambarau. Ukiweka taa za aina moja tu unamuonyesha mteja nusu ya jiwe, afu akifika hotelini kwenye taa za njano anaona kitu kingine anadhani amebadilishiwa. Weka mbili pale mezani, moja ya 3000 na moja ya 6500, kila moja na swichi yake, umwonyeshe kote kote.

Tuje kwenye kufunga, na hapa sitaki ushujaa, ita fundi umeme, mzime main swichi, usizime swichi ya ukutani ukaona imetosha.

Tyubu ndefu za futi nne ndo ziko nyingi makanisani, madarasani na maofisini. Ile ya zamani ni wati 36 ila na choki yake, lile dude zito lililofungwa ndani ya fremu, inafika kama 44, ya LED ni 18. Kwenye boksi mara nyingi kuna kistata kipya, unatoa stata ya zamani unaweka hicho, tyubu inawaka. Fundi wangu hakubali hiyo, aliniambia, "Sista, choki ya mwaka arobaini na saba unaiacha ya nini? Inakula umeme, inanguruma, na siku ikifa utasema LED yako mbovu." Akaitoa yote akaunga waya moja kwa moja. Yuko sahihi, ila soma mchoro uliopo kwenye tyubu kabla ya kuunga, kwa sababu zingine zinapokea umeme upande mmoja na zingine pande zote mbili, ukichanganya unaweza kupiga shoti au kumrusha mtu. Ukishatoa choki bandika karatasi kwenye fremu uandike "LED tu", siku moja mtu atakuja na tyubu ya zamani mkononi.

Zile spotilaiti ndogo za volti 12 zenye transfoma juu ya jipsamu zina kisa chao. Transfoma nyingi za zamani zimezoea mzigo mkubwa, ukiweka LED ya wati 5 haioni kitu, taa inachezacheza kama disko. Badilisha na transfoma, au hamia za volti 230 kabisa. Dima za zamani, zile swichi za kupunguza mwanga, nazo ni hivyohivyo, LED inataka dima za kwake. Na usizifukie taa kwenye jipsamu bila nafasi ya kupumua, mbele LED iko poa lakini mgongoni inachemka, na kinachokufa mara nyingi sio vile vitaa vyenyewe ni kile kisaketi cha nyuma kinachopokea umeme, joto ndo adui yake, joto pamoja na huu umeme wetu unaopanda na kushuka. Tafuta ile imeandikwa kuanzia volti 85 au 100 mpaka 265, inavumilia.

Taa ukizima ikabaki inawaka kwa mbaali kama mzimu, usiite mchungaji. Mara nyingi swichi imekata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme), au swichi ina kale kataa kadogo kekundu. Fundi anamaliza hilo.

Kumbi za harusi fanyeni jaribio hili kabla ya kulipa, washa taa, fungua kamera ya simu, weka slomo, irekodi. Ukiona mistari inatembea au picha inapepesa, hiyo taa inawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, ila kamera inaona, na video ya bibi harusi itatoka na michirizi mwanzo mwisho afu lawama anabeba mpiga picha wa watu.

Wenye vitu vya kale sasa. LED nzuri karibu haina ile mionzi ya jua inayochoma rangi, na haimwagi joto mbele, kwa hiyo kwa ngozi, shanga, batiki na picha za zamani ni nafuu kubwa ukilinganisha na haloji au tyubu. Ila nafuu haimaanishi haidhuru. Mwanga wowote unapausha, na madhara yanajumlishwa, hayapumziki usiku yakaisha. Makumbusho wana kawaida ya kuweka luksi (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) 50 tu kwa karatasi, nguo na picha za zamani, na karibu 200 kwa picha za rangi ya mafuta na mbao. Luksi 50 ni hafifu kweli, jicho linataka dakika kadhaa lizoee, kwa hiyo kizuie kile chumba kisipakane na mlango wenye jua kali. Simu ina programu ya kupima luksi, sio sahihi sana lakini inakutoa gizani. Weka sensa taa iwake mtu akiingia tu, maana luksi 100 kwa masaa matano ni dhambi sawasawa na 50 kwa masaa kumi. Na kabla ya yote hayo ziba dirisha. Barua ya enzi za Azimio, 1967 hiyo, ikishapauka hakuna fundi wa kuirudisha, na jua la dirishani linaimaliza mbele ya taa yoyote.

Wa migahawa ya nje Moshi, msimu wa mvua mnajua kumbikumbi wanavyoingia kwenye supu. Taa ya njano inawaita wachache kuliko ile nyeupe ya bluubluu. Wachache nimesema, sio kwamba hawaji.

Umeme ukikatika ndo utaipenda LED zaidi. Wati 140 zangu betri moja ya Ah 100 na inveta inazibeba masaa matatu na kitu bila kuikausha betri. Haloji ishirini zingeimaliza hujafunga hata hesabu.

Tyubu za zamani zilizotoka msizitupe kwenye kiroba cha taka, ndani zina zebaki. Watoto wanapenda kuzipasua zilie paa, wafukuzeni. Zirudishe kwenye maboksi ya hizi mpya, zifunge, uulize halmashauri au muuzaji mkubwa wa taa kama wanapokea. Ikipasuka ndani fungua madirisha, toka robo saa, usipige fagio, okota na karatasi ngumu, futa na kitambaa kibichi, weka vyote kwenye kopo lenye mfuniko.

La mwisho, kila taa unayoweka andika tarehe kwa makapeni kwenye kitako chake, na risiti piga picha. Boksi likisema miaka ishirini soma maandishi madogo, mara nyingi wamehesabu masaa matatu kwa siku na wewe unawasha kumi. Yangu mojawapo ilikufa mwezi wa saba, muuzaji akaanza kusema sikuinunua kwake, nikaigeuza kitako nikamwonyesha tarehe, nikamwonyesha na picha ya risiti, akaingia ndani akatoka na nyingine bila kunitazama usoni.