Jinsi ya kusoma sura ya nchi ya Mirihi kwa picha za setilaiti

Anayeanza kutazama picha za Mirihi kwa kawaida huwahi kutaja jina la kitu kabla hajajua mwanga umetoka wapi. Ndipo shimo linapoitwa kilima na kilima kikaitwa shimo. Macho yetu yamezoea jua kuwa juu, hivyo picha iliyomulikwa kutoka chini hufanya kila kilichobonyea kionekane kimevimba.

Kwa picha za chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter, kinachoizunguka Mirihi tangu 2006, jambo hili ni jepesi. Kinapiga picha yapata saa tisa alasiri kwa majira ya eneo lililo chini yake, kwa hiyo jua huwa upande wa magharibi. Chukua faili ambalo tayari limepangwa kiramani, kaskazini ikiwa juu, na mwanga utakuwa unatoka kushoto. Sasa tazama umbo la duara. Ukuta wa ndani wa kushoto ukiwa na giza na wa kulia uking'aa, hiyo ni kreta, yaani shimo lililochimbwa na kimondo. Ubavu wa kushoto ukiwa ndio unaong'aa na kivuli kimelala kulia, hicho ni kilima. Macho yakigoma, zungusha picha robo duara kwa mwendo wa saa ili mwanga uje kutoka juu. Umbo hujirudi lenyewe. Karibu na ncha za sayari usiitegemee kanuni hii, kwa sababu ramani za huko hupangwa kwa namna nyingine. Soma mwelekeo wa jua kwenye taarifa zinazoambatana na picha.

Halafu, usianze na picha kali kuliko zote. Kamera ya HiRISE ya chombo hicho huonyesha hadi sentimita 25 kwa pikseli, lakini ukanda wake una upana wa kilomita 6 tu, na rundo la mawe ndani yake halikuambii kama uko kwenye sakafu ya bonde la mto wa kale au juu ya lava. Fungua JMARS, programu ya bure ya kupanga ramani na picha za Mirihi kwa matabaka, weka kwanza vimo vilivyopimwa kwa leza ya MOLA, kisha picha za joto za kamera ya THEMIS zenye mita 100 kwa pikseli, kisha picha za CTX, kamera nyingine ya Mars Reconnaissance Orbiter: mita 6 kwa pikseli, upana wa kilomita 30. Kazi kubwa ya utambuzi hufanyika kwenye CTX. HiRISE ije mwisho, kujibu swali ambalo tayari unalo.

Kila picha ina kikomo chake. Kitu chenye pikseli tatu unaweza kusema kipo. Umbo lake huwezi kulisimulia. Kuvuta picha iwe kubwa hakuongezi taarifa, kunatanua pikseli tu. Ule "uso" wa mtu ulioonekana eneo la Cydonia katika picha ya chombo cha Viking 1 mwaka 1976 ulitokana na jua kuwa chini, vivuli virefu na pikseli za makumi ya mita. Chombo cha Mars Global Surveyor kilipopita hapo mwaka 1998 kikiwa na kamera kali zaidi, kilionekana kilima cha kawaida kilicholiwa na mmomonyoko.

Kivuli hicho hicho kinachodanganya ndicho kipimo chako cha kimo. Pima urefu wake ukifuata mwelekeo wa jua, si mshazari, kisha zidisha kwa tanjenti ya pembe ya jua juu ya upeo wa macho. Mfano: kivuli cha pikseli 40 kwa sentimita 25 ni mita 10, jua likiwa nyuzi 30, kimo ni 10 × 0.577, karibu mita 5.8. Taarifa nyingi hutoa pembe ya jua kutoka utosini, yaani kutoka juu kabisa ya anga. Toa namba hiyo kwenye 90 kwanza. Hesabu inaharibika kivuli kinapoangukia mteremko: ardhi ikishuka kukimbia jua, kivuli hurefuka na kimo unachopata kinazidi ukweli.

Unapofika kutaja majina, eleza kwanza unachokiona: ukingo ni mkali au umefifia, na kipi kimekikata au kukifunika kipi. Kinachofunika ni kichanga kuliko kinachofunikwa. Tuta la mchanga lenye umbo la mwezi mwandamo huelekeza pembe zake kule upepo unakoelekea. Mstari unaopindapinda kama mto lakini umeinuka juu ya ardhi huenda ni mkondo uliogeuzwa: mashapo yake yaligandamana yakawa magumu, kingo laini zikapeperushwa. Kabla ya kuuita hivyo, hakikisha kwa kivuli kwamba kweli umeinuka. Kreta ndogo zilizosongamana au kupangana mstari mara nyingi ni za mawe yaliyorushwa na mgongano mkubwa. Ukizihesabu kukadiria umri wa eneo, utalizeesha bure.

Buluu ya HiRISE si maji. Rangi hizo hujumuisha mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, na mchanga mweusi wa basalti, mwamba wa volkano, ndio hutokea wa buluu. Tena rangi ipo kwenye ukanda mwembamba wa katikati tu, takriban kilomita 1.2.

Ukinakili mahali kutoka ramani za zamani, angalia longitudo. Nyingi zilihesabu kuelekea magharibi, za sasa huhesabu kuelekea mashariki. Toa namba ya zamani kwenye 360, la sivyo utatua upande mwingine wa sayari.

Ukitafuta mabadiliko, kama tuta lililosogea au mteremko uliomomonyoka, linganisha picha za msimu uleule. Mwaka wa Mirihi ni takriban siku 687 za Dunia, hivyo jozi nzuri huachana kwa muda huo au zaidi. Pembe ya jua iwe karibu sawa katika zote mbili. Tofauti ya nyuzi kumi inatosha kuhamisha kivuli na kuzua "mporomoko" ambao haukutokea. Linganisha pia mawe yasiyohama pembeni mwa tuta: nayo yakionekana yamesogea, picha hazijapangana sawasawa.