Kusawazisha mlinganyo wa kemikali: oksijeni iliyojificha kwenye spiriti

Jumapili mpwa wangu wa kidato cha tatu alinijia hapa Kondele, ukurasa wa daftari umetoboka kwa kufutwa. "Mjomba, hii hesabu imenigomea." Swali lilihusu spiriti, ile inayotengenezwa kwa molasi kule Muhoroni: inapowaka inageuka kuwa nini? Tulienda hivi, kwa penseli. Programu za simu sizitaki. Zinakupa jibu bila kukuonyesha ulipokosea.

Hatua ya 1. Andika mlinganyo mbichi, spiriti (C₂H₅OH) na oksijeni ya hewani kushoto, kabonidioksaidi na maji kulia:
C₂H₅OH + O₂ → CO₂ + H₂O

Hatua ya 2. Atomi za kila aina ziwe sawa pande zote mbili: kaboni kwanza, kisha haidrojeni. Kaboni 2, basi 2CO₂. Haidrojeni 5 na 1 ni 6, basi 3H₂O. Nambari ndogo za chini usiziguse kamwe. Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ hayo si maji tena, ni dawa ya kuoshea vidonda.

Hatua ya 3. Oksijeni huja mwisho. Mpwa wangu alikuwa ameandika 2, 7, 4, 6, nikacheka, maana shimo hilo lilinila usiku mzima nikiwa shuleni. Upande wa kulia kuna oksijeni 4 na 3, jumla 7. Nazo hutembea mbili mbili, kwa hiyo unaandika 3½, unazidisha kila kitu kwa 2, na mlinganyo unapendeza macho:
2C₂H₅OH + 7O₂ → 4CO₂ + 6H₂O

Sasa pima uzito, kwa C = 12, H = 1, O = 16. Kushoto: 92 + 224 = 316. Kulia: 176 + 108 = 284. Gramu 32 zimeenda wapi? Tangu Lavoisier, mwanakemia Mfaransa wa karne ya 18, tunajua hakuna kinachopotea kwenye moto. Hiyo 32 ni O₂ moja kamili, iliyoingia bila kualikwa. Spiriti yenyewe imebeba oksijeni yake pale kwenye OH, nasi hatukuihesabu. 7 toa 1 ni 6, yaani 3O₂:
C₂H₅OH + 3O₂ → 2CO₂ + 3H₂O
Kushoto 46 + 96, kulia 88 + 54. Zote 142.

Hatua ya 4. Rudia na butani ya mtungi wa gesi, C₄H₁₀. Huko nusu ni ya kweli, 6½, basi zidisha kwa 2: utapata 2, 13, 8, 10, na 532 kila upande.